Odysseus hakumwachia mwanawe utawala

Wengi huamini kwamba Homer, mshairi wa Ugiriki ya kale, katika utenzi wake Odyssey alimchora Odysseus mzee, aliyechoshwa na kisiwa chake cha Ithaca, akimwachia mwanawe Telemachus utawala na kurudi baharini. Sivyo. Taswira hiyo ni ya Tennyson, mshairi Mwingereza, aliyeiandika mwaka 1833 akiwa kijana wa miaka 24, akifuata nyayo za Dante, mshairi wa Italia.

Kwa Homer, safari aliyotabiriwa Odysseus ni ya bara, tena ya kwenda na kurudi. Katika kitabu cha 21 cha Odyssey, Telemachus anajaribu mara tatu kuutia upote upinde wa baba yake. Mara ya nne angefaulu, lakini baba, aliyejificha kwa sura ya mwombaji, anamkataza kwa ishara ya kichwa, naye anatii. Kwangu mimi, utii huo ni ushujaa mzito kuliko mishale yote inayofuata, ambayo Odysseus anawaulia wanaume waliomposa mkewe. Karibu na mwisho, babu Laertes anafurahi kuwaona mwana na mjukuu wakishindana kwa ushujaa.