Risasi Isiyotoka kwenye Bunduki

Mara ya kwanza kuzungumza na wazazi kuhusu sumu ya risasi, nilizungumza karibu nusu saa bila kujua kwamba sieleweki. Tulikuwa kwenye baraza la chifu, pembezoni mwa Kisumu, akina mama wengi na wavuvi wachache. Nilisema risasi huingia kwenye damu ya mtoto ikaharibu ubongo. Mama mmoja akainua mkono, akauliza kwa adabu: "Daktari, hiyo risasi hutolewa kwa upasuaji, ama huachwa ndani?"

Mimi ni afisa wa afya ya umma, si daktari, ila huku kwetu kila mwenye kitambulisho cha afya huitwa hivyo. Mama yule hakukosea. Risasi niliyomaanisha ni metali, ila katika mji huu neno hilo lina picha moja tu, na kuna nyumba ambazo picha hiyo bado inaliza watu.

Tangu siku ile sianzi na neno. Naanza na kitu. Hubeba mitungi midogo ya plastiki iliyofungwa kabisa: kipande cha sahani ya betri ya gari, uzito wa wavu (Pwani huuita chubwi), waya wa kulehemu wa fundi redio, na maganda ya rangi kuukuu ya dirisha. Naizungusha mikononi mwa watu, kisha nauliza: "Hiki kwenu hukaa wapi?" Majibu huja upesi. Chini ya kitanda. Kando ya jiko. Mtoto huchezea.

Risasi inapendwa na mafundi kwa sababu nzuri. Ni nzito, laini, na huyeyuka kwenye nyuzi 327 tu za Selsiasi, kwa hiyo jiko la makaa linatosha. Zaidi ya nusu ya uzito wa betri ya gari ni risasi. Mtu huivunja, humwaga asidi, huyeyusha sahani uani na kuimimina kwenye kibao, naye akapata uzito wa wavu bila kwenda dukani. Lakini moshi ule hutua. Unga wake hukaa kwenye udongo wa uani, kwenye kamba ya nguo, kwenye ovaroli ya baba anayefika jioni na kupokewa na mtoto kwa kukumbatiwa. Kukumbatiana huko ndiko ninakoshughulika nako zaidi, na siwezi kumwambia mtu aache. Namwambia avue ovaroli nje, anawe kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, ndipo ambebe mtoto. Ovaroli hiyo isifuliwe pamoja na nepi.

Kwa nini mtoto na si baba? Kwa sababu mtoto hutambaa, na kila kitu hukijua kwa kukionja. Risasi anayomeza, mwili wake hufyonza mara nne hadi tano zaidi ya mwili wa mtu mzima. Mwili huidhani ni kalsiamu, ukaihifadhi mifupani, inakoweza kukaa miaka mingi. Mama aliyeibeba tangu utotoni huweza kumpitishia aliye tumboni. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Kuanzia mikrogramu 5 kwa desilita moja ya damu, chanzo kitafutwe na kiondolewe.

Ugumu wa huku ni malaria. Mtoto mwenye risasi huweza kukosa damu, kuumwa tumbo, kukataa chakula. Nani, kando ya Ziwa Victoria, hatafikiria malaria kwanza? Mara nyingi hata dalili hazipo; kuna tu mtoto anayeshindwa kutulia darasani na kuitwa mtundu. Kipimo cha damu pekee ndicho hujibu, na zahanati nyingi hazina. Ndiyo maana nguvu yangu naiweka uani.

Mafundi wengi huniambia wao hunywa maziwa baada ya kazi, yaoshe sumu. Maziwa hayaoshi risasi. Ila wamekaribia jambo la kweli: mtoto mwenye upungufu wa kalsiamu na madini ya chuma hufyonza risasi zaidi. Omena wanaoliwa pamoja na mifupa yao, maharagwe, mboga ya managu, vyote vinasaidia. Havichukui nafasi ya kuondoa chanzo.

Kuhusu odowa nasema kwa upole, maana wajawazito huitamani kweli: udongo wa kula unaweza kuwa na risasi, na macho hayawezi kuutambua ulio safi. Sakafu ya nyumba ya fundi ipigwe deki kwa kitambaa kibichi. Ufagio mkavu hurusha vumbi tu.

Anayedhani natia chumvi namkumbusha Owino Uhuru, Mombasa, ambako watu waliishi ukuta kwa ukuta na kiwanda cha kuyeyusha betri. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho, alianza kuuliza maswali baada ya mwanawe mwenyewe kuugua, na mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Pale kulikuwa na kiwanda cha kushtakiwa. Kwetu chanzo ni jiko dogo la mzazi anayetafuta karo, na hakuna wa kumshtaki. Nikimfokea, ataendelea usiku, ndani ya nyumba, mlango ukiwa umefungwa. Hilo ni baya zaidi.

Mwaka jana mvuvi mmoja alikubali kuacha kuyeyusha nyumbani. Mkewe alinifuata hadi barabarani, ameshika sufuria waliyokuwa wakitumia. Aliuliza kama akiisugua sana kwa majivu inaweza kurudi kupika uji. Nikamwambia hapana, hata mara moja. Alisimama akiitazama, maana sufuria ni pesa. Kisha akaomba msumari na jiwe, akaitoboa chini mara mbili, ili hata mgeni asije akaipikia.