Duka la mtandaoni la wanafunzi si somo la simu

Wazazi wengi hapa Mbeya wakisikia wanafunzi wanafundishwa ujasiriamali kwa kuuza vitu mtandaoni, hudhani ni kisingizio cha kushika simu. Wengine, na baadhi ya walimu wamo, huamini ukishapiga picha nzuri na kuiweka kwenye status ya WhatsApp, biashara imeshakuwepo. Si kweli. Picha ni kazi ya dakika tano.

Kazi iko kwenye daftari. Tuseme wanafunzi wananunua kilo 20 za mchele wa Kyela kwa shilingi 2,800 kila kilo, wanauza 3,500 kwa mteja wa Dar es Salaam. Wanashangilia: faida 14,000! Sasa waandike na mengine. Kusafirisha kwa basi 5,000, mifuko 2,000, bando 2,000, makato ya kutoa pesa kwenye simu 2,500. Imebaki 2,500. Na kama kilo moja ilikwenda kwa shangazi wa mtu kwa ahadi ya "nitatuma jioni" (mashangazi hawa wapo kila darasa), mkononi wamepungukiwa 1,000.

Hapo ndipo watauliza wenyewe kwa nini wasiuzie kwanza watu wa Mwanjelwa na Uyole, hapa hapa Mbeya, ambako mzigo hauhitaji basi. Simu moja ya mwalimu inatosha, maagizo yanapokelewa kwa zamu. Parachichi za Tukuyu ziacheni hadi muhula wa pili. Zikiiva njiani, mteja anadai pesa yake.