Resini teule katika uchenjuaji wa madini

Resini teule ni punje ndogo za plastiki, nyingi zikiwa na kipenyo kisichofika milimita 2, zinazotengenezwa kiwandani ili zinase ayoni (chembe zenye chaji ya umeme) za metali fulani na kuziacha nyingine zipite. Punje hizi hazikutanishwi na mwamba mzima. Mbale, yaani mwamba wenye madini, husagwa kwanza, metali ikayeyushwa kwa asidi au sayanidi, na ndipo resini huingizwa katika kimiminika ambacho, kwa upande wa dhahabu, aghalabu huwa na miligramu chache tu za metali hiyo katika kila lita, pamoja na shaba, chuma au zinki ambavyo huenda vikaizidi kwa mbali.

Mwili wa punje kwa kawaida ni polistireni (aina ya plastiki) ambayo minyororo yake imefungamanishwa kwa kemikali ya divinilibenzeni, hivyo huvimba kidogo majini bila kuyeyuka. Kazi ya kunasa hufanywa na vikundi vya kikemia vilivyopandikizwa humo: vikundi vya amini vyenye chaji chanya huvuta ayoni hasi, na vile vya iminodiasetati huzizingira ayoni za shaba au nikeli kwa atomi kadhaa kwa pamoja.

Hata hivyo, ni kosa kudhani kwamba uteuzi wote umo ndani ya punje. Mbale ya urani ikilowekwa katika asidi ya salfuriki, urani hujiunga na salfeti na kuwa ayoni changamano yenye chaji hasi, ilhali alumini na magnesi hubaki kwa sehemu kubwa na chaji chanya. Kwa hiyo resini ya kawaida kabisa inayopokea ayoni hasi hubeba urani na kuyaacha hayo mengine. Hapo kimiminika chenyewe kimekwisha kufanya nusu ya uteuzi.

Kwa maoni yangu, ugumu halisi uko katika kuachia metali iliyonaswa. Resini za amini zenye nguvu hushika sayanidi ya dhahabu kwa uthabiti kiasi kwamba mara nyingi hulazimu kuiosha kwa kemikali ya thiourea yenye asidi, na resini isiyoachia haiwezi kutumika tena. Ndiyo sababu mojawapo ya kaboni amilifu, yaani mkaa uliotayarishwa ili unase metali, kuendelea kutawala migodi ya dhahabu, ingawa mgodi mkubwa wa Muruntau, Uzbekistan, umetumia resini kwa miongo mingi. Resini hufaa zaidi pale ambapo mbale ina kaboni yake ya asili inayoiba dhahabu, na haihitaji tanuri la kuihuisha kama inavyohitaji kaboni amilifu.

Resini inapochanganywa moja kwa moja na tope la mbale, punje husuguana na mchanga na nyingine huvunjika. Vipande hivyo hupenya chekeche na kuishia katika marudio (mabaki ya mbale yanayotupwa) vikiwa vimebeba dhahabu, na kwa sababu hiyo wachenjuaji huchagua punje kubwa na ngumu, hata kama hunasa polepole zaidi.