Jeshi la Misri Halikujiunga na Mtu

Imetokea tena. Maandamano yakipamba moto popote pale, iwe Khartoum, Algiers, au hapa kwetu Nairobi Juni 2024, haipiti siku kabla sijatumiwa ile picha: kijana wa Cairo amepanda juu ya kifaru, amemkumbatia askari, na chini yake pameandikwa kwamba jeshi likishajiunga na wananchi, kwisha habari ya dikteta. Safari hii aliyenitumia si mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Ni mhadhiri mwenzangu, na wala hakuwa anatania.

Kazi yangu ni kusoma majeshi. Vita vyao nawaachia wengine. Mimi nafuata siasa zao: nani anampandisha nani cheo, nani anakula na nani, nani hawezi kulala kwa sababu ya nani. Kwa hiyo mtanisamehe nikipandisha sauti kidogo. Jeshi la Misri halikujiunga na mtu yeyote mwaka 2011. Lilimtoa rais wake, Hosni Mubarak, kafara ili lenyewe lipone, na umati uliokuwa Tahrir, uwanja mkuu wa Cairo, ukalishukuru.

Najua kuna wanaosema sivyo, kwamba Mubarak aliangushwa na Facebook. Hao sitawapa muda mrefu. Serikali ya Misri ilikata intaneti karibu nchi nzima usiku wa kuamkia Ijumaa ya 28 Januari, na Ijumaa hiyohiyo ndipo watu walipofurika mitaani hadi polisi wakasambaratika. Wafanyakazi wa viwanda vya nguo vya Mahalla walikuwa wamegoma tangu Desemba 2006, kabla nusu ya wale vijana hawajawa na akaunti. Tuendelee.

Jioni ya siku hiyo ya 28 vifaru viliingia Cairo na watu wakashangilia. Sababu zinaeleweka. Polisi walikuwa wamewatesa watu vituoni kwa miaka mingi, ilhali jeshi watu walilijua kwa vita vya 1973 dhidi ya Israel na kwa watoto wao wenyewe, maana utumishi wa jeshi ni wa lazima na kila mtaa una kijana aliyepita kambini. Ndipo uliposikika ule wimbo wa "jeshi na wananchi ni mkono mmoja". Watu wengi husikia wimbo ule kama taarifa ya habari. Mimi nauona kuwa ombi, tena ombi la werevu: ukimwimbia askari mwenye bunduki kwamba yeye ni ndugu yako, unamwekea ugumu wa kukupiga risasi. Kosa ni pale mwimbaji anapoanza kuuamini wimbo wake.

Sasa tazameni matendo. Tarehe 2 Februari wafuasi wa serikali waliingia Tahrir wakiwa juu ya farasi na ngamia, wakipiga watu kwa fimbo na marungu. Askari walikuwa palepale. Hawakuwafyatulia risasi waandamanaji, ni kweli, lakini kwa saa nyingi hawakuwazuia wavamizi pia. Walitazama. Jeshi lililojiunga na wananchi halitazami. Lile lilikuwa likingoja kuona upande gani utachoka kwanza.

Hawakuchoka waandamanaji. Wiki iliyofuata migomo ilienea viwandani, kwenye usafiri, hadi kwa wafanyakazi wa kampuni za Mfereji wa Suez. Tarehe 10 Februari Baraza Kuu la Majeshi lilikutana bila amiri jeshi wake, Mubarak, likatoa "Taarifa Namba Moja". Anayejua historia ya majeshi ya Waarabu akisikia taarifa namba moja, jina la tangazo la kwanza la mapinduzi, haulizi tena kinachoendelea. Kesho yake makamu wa rais, Omar Suleiman, alisimama mbele ya kamera na kusema kwamba Mubarak ameachia madaraka na kulikabidhi baraza hilo shughuli za nchi. Nisomeni vizuri: baraza hilo. Hakuna raia aliyekabidhiwa kitu.

Kwa nini majenerali walimwacha mtu wao wa miaka 30? Jibu nililo nalo lina sehemu mbili, na moja ninaiamini kuliko nyingine. Ninayoiamini zaidi ni ya urithi. Tangu 1952 kila rais wa Misri alikuwa ametoka jeshini: Naguib, Nasser, Sadat, Mubarak. Mwaka 2011 aliyekuwa akiandaliwa ni Gamal, mtoto wa Mubarak, mtu wa benki ambaye hakupanda ngazi za jeshi, aliyezungukwa na wafanyabiashara waliokuwa wakijigawia mali za serikali. Majenerali hawakumtaka, na umati uliwapa njia ya kumwondoa mtoto kwa kumwondoa baba. Sehemu ya pili ni ya mali. Jeshi la Misri linatengeneza tambi, linauza maji ya chupa, lina vituo vya mafuta, na hupokea msaada wa kijeshi wa Marekani wa takriban dola bilioni 1.3 kwa mwaka. Wenzangu wengi husema lilihofia Gamal angegusa biashara hizo. Inawezekana. Ila hesabu za biashara hizo haziko wazi kwa mtu wa nje, na mimi siwezi kupima hofu ya mtu kwa hesabu nisizoziona.

Yaliyofuata ndiyo huniudhi yanaposahaulika. Tarehe 9 Machi 2011, haujatimia mwezi, askari walivamia Tahrir, wakawakamata watu na kuwatesa ndani ya uwanja wa Jumba la Makumbusho la Misri. Wanawake waliokamatwa walilazimishwa "kupimwa ubikira", na mkuu wa ujasusi wa kijeshi wa wakati huo akalitetea jambo hilo. Jina lake Abdel Fattah el-Sisi. Oktoba, huko Maspero mjini Cairo, magari ya deraya yaliwakanyaga waandamanaji, wengi wao Wakristo wa Kikopti. Waliokufa walizidi 20. Kisha Julai 2013 jeshi likampindua Mohamed Morsi, rais aliyechaguliwa kwa kura, na umati ukashangilia helikopta. Tarehe 14 Agosti, pale Rabaa, uwanja wa Cairo walikopiga kambi wafuasi wa Morsi, shirika la Human Rights Watch lilihesabu vifo visivyopungua 817 kwa siku moja. Waliostaajabia ya Musa mwaka 2011 waliyaona ya Firauni.

"Lakini Tunisia?" Hapo ndipo mhadhiri mwenzangu alipokimbilia, na hadithi aliyonipa naijua kwa moyo: Rais Ben Ali aliamuru watu wapigwe risasi, Jenerali Rachid Ammar akajibu hapana, dikteta akapanda ndege. Hadithi tamu. Tatizo ni kwamba ushahidi wa amri hiyo kwa jeshi haujawahi kuonekana, na hata kilichotokea siku ya mwisho, 14 Januari, nani alimshauri apande ndege na kwa nini, wahusika wenyewe wanapingana. Tunachokijua ni cha kawaida zaidi. Jeshi la Tunisia lilikuwa dogo na maskini, limewekwa kando na polisi wa Wizara ya Mambo ya Ndani. Mwaka 1991 maafisa na askari wake wengi walikamatwa na kuteswa kwa njama ya kubuni, kesi inayojulikana kwa jina la Barraket Essahel. Maafisa wa jeshi lile hawakuwa na viwanda vya tambi vya kulinda. Ben Ali akiondoka, wangepoteza nini?

Na waliomchosha Ben Ali hawakuwa wanajeshi. Baada ya Mohamed Bouazizi kujichoma moto Sidi Bouzid tarehe 17 Desemba 2010, matawi ya mikoani ya shirikisho la wafanyakazi, UGTT, ndiyo yaliyobeba hasira kutoka mji hadi mji, mara nyingine viongozi wao wa juu wakiburutwa nyuma. Mgomo wa Sfax wa 12 Januari uliishtua serikali kuliko picha yoyote. Miaka kumi baadaye, Julai 2021, Rais Kais Saied alipolisimamisha bunge, spika Rached Ghannouchi alifika langoni usiku akakuta gari la jeshi limeziba njia. Lile lile jeshi la wananchi.

Sasa nuance yenyewe, kama walimu wangu walivyopenda kuiita. Mimi nitasema tu: jambo ambalo watu hawalitenganishi. Kuna jeshi la majenerali na kuna jeshi la makapteni na masajenti, na mambo yanayowatisha hayafanani. Jenerali anaogopa kupoteza cheo, nyumba na biashara. Kapteni anaogopa kuamrishwa kupiga risasi umati ambamo dada yake yumo. Jenerali naye ana hofu moja kubwa zaidi, kwamba akitoa amri hiyo kapteni atakataa, na amri ikikataliwa mara moja hana jeshi tena. Umati haumbadilishi jenerali awe mwema. Umati unamfanya asiwe na uhakika na kapteni.

Wasudani walilielewa hili kuliko sisi tunaolifundisha. Maandamano yaliyoshika kasi Atbara Desemba 2018 kwa bei ya mkate yaliishia tarehe 6 Aprili 2019 mbele ya makao makuu ya jeshi Khartoum. Mahali palichaguliwa, na tarehe pia: Rais Nimeiri aliangushwa 6 Aprili 1985. Watu wakaweka kambi pale. Vikosi vya usalama vilipojaribu kuwatawanya kwa risasi, baadhi ya askari na maafisa wa chini walijibu mapigo kuwalinda. Majenerali waliona ufa chini ya miguu yao, na tarehe 11 Rais Omar al-Bashir alikuwa kizuizini. Aliyetangaza, waziri wa ulinzi Ibn Auf, alidumu siku moja tu, kwa kuwa watu walikataa kuondoka.

Hawakudanganyika. Kambini walikuwa wakiimba kwamba ni ama ushindi ama Misri. Sijapata kusikia mhadhara wa siasa linganishi ulio mfupi na sahihi kuliko huo. Na haukuwasaidia. Tarehe 3 Juni kambi ilivunjwa kwa risasi na watu zaidi ya 100 wakauawa. Oktoba 2021 mkuu wa jeshi, Jenerali Burhan, alipindua serikali ya mpito. Tarehe 15 Aprili 2023 jeshi lake na RSF, kikosi cha wanamgambo cha Hemedti, vikageukiana, na nchi ikateketea. Bashir alikuwa amelea vikosi vingi ili kisiwepo kimoja chenye nguvu za kumwangusha. Vikaungana siku moja kumwangusha, kisha vikabaki na bunduki zao vikitazamana.

Algeria nitaipita haraka, ingawa haistahili. Jenerali Gaid Salah alimsukuma Rais Bouteflika nje Aprili 2019, na Waalgeria wakaendelea kuandamana kila Ijumaa wakidai dola ya kiraia, si ya kijeshi, mpaka korona ilipowarudisha nyumbani Machi 2020. Bahrain jeshi halikutikisika: vyombo vya ulinzi vimejaa watu wa madhehebu ya mfalme, wengine wameajiriwa kutoka nje, na Machi 2011 majirani wa Ghuba wakaleta askari wao. Wasomaji wangu wa Muscat huuliza kuhusu Sohar, mji wa Oman ulioandamana 2011. Ile ilikuwa habari nyingine; watu walidai kazi na mawaziri wala rushwa waondoke, na Sultan Qaboos akawabadilisha mawaziri na kuahidi ajira 50,000.

Mpaka hapa nimeandika kama mtu mwenye jibu. Vitabu vyetu vinalo: jeshi lililo taasisi humwacha mtawala, jeshi la familia au la madhehebu hupigana naye hadi mwisho. Inapendeza ubaoni. Kisha unafika Yemen, Machi 2011, ambapo jeshi liligawanyika katikati: Jenerali Ali Mohsen akaenda kwa waandamanaji na vikosi vyake, mtoto wa Rais Saleh akabaki na vyake. Unafika Syria, na hapo mimi huongea polepole. Tunasema maafisa wa Kialawi, madhehebu ya Rais Assad mwenyewe, hawakuwa na pa kwenda bila yeye. Sawa. Lakini makuruta wengi walikuwa Wasunni, na bado walitoroka mmoja mmoja, si kikosi kizima. Kwa nini? Tunasema ujasusi ndani ya vikosi, tunasema hofu kwa familia walizoziacha nyumbani. Yote yana mantiki, na yote tuliyasema baadaye.

Kisha likaja la 2024. Jeshi lililopiga mabomu miji yake kwa zaidi ya miaka 13 lilishambuliwa na waasi kutoka Idlib tarehe 27 Novemba, na kufikia 8 Desemba askari walikuwa wakivua magwanda kandokando ya barabara huku Assad akiwa njiani kwenda Moscow. Ninaweza kuwapa sababu: mishahara isiyonunua chochote, Urusi iliyoshughulika Ukraine, Hezbollah ya Lebanon iliyovunjwa mgongo na Israel. Zote zilikuwepo Oktoba pia, na Oktoba hakuna niliyemsoma katika fani hii aliyesema jeshi lile litayeyuka kwa siku kumi na mbili.

Shida yetu ni vyanzo. Tunayoyajua kuhusu uamuzi wa kupiga au kutopiga risasi yametoka zaidi kwa majenerali, na jenerali akisimulia siku ile hujikumbuka akiwa jasiri. Kapteni haandiki kumbukumbu. Syria ingekuwa nafasi ya kuwauliza hao wa chini kwa wingi, lakini watawala wapya walitangaza Januari 2025 kwamba jeshi la zamani limevunjwa, na mtu aliyekuwa kapteni wa Assad leo ana kila sababu ya kukwambia kwamba alikuwa mpishi.