Fidla ya Appalachia: dhana zinazompotosha anayeanza

Anayetamani kupiga fidla ya milima ya Appalachia, ile safu ndefu ya mashariki mwa Marekani inayopita West Virginia, Kentucky, Tennessee na North Carolina, hujazwa maneno kichwani kabla hata hajapaka upinde wake ulimbo. Mengi ya maneno hayo yanahusu vidole vya mkono wa kushoto. Hapo ndipo anapopotea, maana muziki huu unakaa kwenye mkono wa upinde, na anayechelewa kulijua hilo anaweza kukariri nyimbo ishirini zote zikakosa uhai.

"Fidla ya milimani si vayolini, tafuta ya aina yake." Chombo ni kilekile. Fidla inayolia kwenye taarab ya Unguja inaweza kupigwa Kentucky kesho bila kubadilishwa chochote. Wako wanaochonga daraja, kile kibao kinachobeba nyuzi, liwe bapa kidogo ili upinde uguse nyuzi mbili kwa wepesi, lakini anayeanza hahitaji hilo. Kama una pesa kidogo ya ziada, mpe fundi akuwekee daraja na nyuzi sawasawa.

"Lazima usome nota kwanza." Mpiga fidla Tommy Jarrell wa North Carolina (1901–1985), ambaye vijana walisafiri kutoka mbali kwenda kukaa naye nyumbani, aliurithi muziki wake kwa sikio, na wao wakajifunza kwake kwa kumsikiliza na kumtazama mkono. Mfano unaonigusa zaidi ni wa Alan Jabbour. Huyu alikuwa amefunzwa vayolini ya muziki wa kitaaluma na nota alizijua vizuri. Mwaka 1966 na 1967 alimrekodi mpiga fidla mzee Henry Reed huko Glen Lyn, Virginia. Kuandika mpangilio wa sauti hakukuwa kazi ngumu kwake. Kazi ilikuwa kuelewa upinde wa mzee yule unageuka wapi, unaunganisha sauti zipi na unabana wapi. Rekodi hizo leo zinasikilizwa bure kwenye intaneti kupitia Maktaba ya Bunge la Marekani, na kwa maoni yangu ni mwalimu bora kuliko vitabu vingi.

Wengine hukimbilia upande wa pili na kusema nota ni haramu. Hapana. Zinasaidia kumbukumbu. Ila karatasi haiwezi kukuonyesha uzito wa mkono.

Basi anza na mkono huo. Weka upinde juu ya nyuzi mbili nyembamba zaidi, A na E, kwa pamoja, bila kubonyeza kidole chochote. Vuta mara moja kwa urefu, kisha mara mbili kwa ufupi: ndeefu, fupi-fupi. Kwa kuwa mivuto ni mitatu, kundi la kwanza likianza kwa kushusha upinde, la pili litaanza kwa kupandisha. Rudia polepole mpaka mguu ugonge sakafu wenyewe. Hujapiga wimbo wowote bado, lakini mtu anaweza kucheza dansi.

"Huu ni muziki wa wahamiaji wa Scotland na Ireland, basi." Hii ndiyo dhana inayodhulumu watu. Ni kweli nyimbo kadhaa zilivuka bahari kutoka Uingereza, Scotland na Ireland. Lakini matangazo ya magazeti ya Virginia ya karne ya 18, yaliyotolewa kuwasaka watumwa waliotoroka, hutaja mara kwa mara kwamba mtoro anajua kupiga fidla. Waafrika waliofanywa watumwa ndio waliokuwa wakipiga kwenye dansi nyingi za mabwana zao. Banjo, mwenzi wa fidla katika muziki huu, imetokana na ala za kibuyu za Afrika Magharibi, jamaa ya akonting ya Wajola wa Senegal na Gambia.

Na upinde je? Jabbour alishikilia kwamba ile namna ya kugawa mapigo madogo manane kuwa tatu, tatu na mbili, inayosikika wazi kwa Henry Reed, ilizaliwa pale ambapo Weusi na Weupe walipiga muziki wakisikilizana. Kwa hiyo unapofanya zoezi la mkono wa kulia, unajifunza pia historia ambayo wengi waliifuta. Mwaka 2005 wapiga banjo Weusi walikutana mjini Boone, North Carolina. Kutokana na mkutano huo vijana watatu wakaunda Carolina Chocolate Drops, wakaenda kujifunza kwa Joe Thompson (1918–2012), mpiga fidla Mweusi aliyeishi North Carolina chini kidogo ya milima. Mwaka 2011 kundi hilo lilipata tuzo ya Grammy.

"Kila wimbo una toleo moja sahihi, na nyuzi ni G, D, A, E daima." Hizo ni sauti za nyuzi nne, kutoka nene hadi nyembamba. Mpiga fidla W. H. Stepp wa Kentucky alirekodiwa na Alan Lomax, mkusanyaji wa nyimbo za jadi, mwaka 1937 akipiga "Bonaparte's Retreat". Wengine waliupiga wimbo huo taratibu, kwa mwendo wa maandamano, yeye aliukimbiza. Mtunzi Aaron Copland akalichukua toleo la Stepp karibu lilivyo na kuliweka kwenye baleti yake "Rodeo" ya mwaka 1942, na leo dunia inaijua kasi ya Stepp. Nani alikosea? Hakuna. Wimbo huo hupigwa nyuzi zikiwa D, D, A, D, na nyimbo nyingi za ufunguo wa A hupigwa kwa A, E, A, E: G inapandishwa hadi A, D hadi E. Fidla nzima huanza kuvuma, na vidole vinavyopiga juu hupiga vilevile chini, oktavu moja chini yake. Jaribu mapema, usiogope.

"Ni sawa na bluegrass." Ni ndugu, lakini bluegrass, mtindo wa bendi za ala za nyuzi, ilijengwa na Bill Monroe na wenzake kuanzia miaka ya 1940, na humo kila mtu hupewa zamu yake ya kung'ara. Kwenye muziki huu wa milimani, fidla na banjo hushika wimbo pamoja tangu mwanzo hadi mwisho.

"Bila kasi hupokelewi." Wimbo wa kawaida una sehemu mbili, kila moja hupigwa mara mbili, na kwa mwendo wa dansi unaisha kwa sekunde 35 hivi. Kisha unarudiwa mara nyingi sana. Huo mrudio ni nafasi yako. Kwenye duara la wapigaji, kaa nyuma ya mstari wa kwanza, uliza nyuzi zimewekwaje, kisha piga ile ndefu, fupi-fupi kwa sauti ya chini. Mzunguko wa tatu utakamata sauti ya mwisho ya sehemu ya kwanza. Ipige hiyo tu kila inapofika, halafu tafuta iliyo kabla yake.