Umeandika wosia, sasa unautunza wapi? Mahakamani panafaa, ila kuna mambo ya kujua

Huku Moshi wosia mwingi unakaa kwenye sanduku la bati chini ya kitanda au katikati ya Biblia, alafu siku ya msiba wa kwanza kufungua lile sanduku ni yule yule anayeogopa kilichoandikwa mle ndani. Ndo maana sisi watu wa msaada wa kisheria tunawaambia wazee wapeleke mahakamani. RITA, wakala wa serikali wa usajili, nao wanatunza, wakili pia, lakini mahakama ina faida moja, mirathi ikifunguliwa itafunguliwa mahakamani hukohuko.

Ila jamani tuelewane, mahakama ikipokea bahasha yako haijasema wosia ni mzuri. Inatunza tu. Kama ulikosea, kosa litatunzwa vizuri kabisa mpaka ufe.

Na makosa yako sana kwa mashahidi. Ukifuata sheria za kimila zilizotangazwa mwaka 1963, anayejua kusoma na kuandika anahitaji mashahidi wasiopungua 2, mmoja wa ukoo na mwingine wa nje, asiyejua anahitaji 4, wawili wa ukoo na wawili wa nje, na yeye anaweka dole gumba. Mke aliyepo nyumbani naye ashuhudie, hapa ndo wababa wengi wanakwama maana wanataka kuandika kimyakimya. Ukiacha mke, mrithi asiwe shahidi. Tarehe iwepo, na uandike kwa wino, penseli hapana. Muislamu anayefuata sheria ya dini yake ajue mwisho wa kuusia ni theluthi moja, tena kwa asiyekuwa mrithi.

Kingine ni kihamba, lile shamba la nyumbani la Wachaga. Mtu anagawa kihamba ambacho ni cha ukoo, au nyumba aliyojenga na mkewe anaigawa yote kama yake peke yake! Unausia kilicho chako tu. Na mtoto ukimnyima, andika sababu yenye uzito, mfano alikutelekeza ukiwa mgonjwa, "hanisikilizi" haitoshi.

Ukienda mahakamani, funga bahasha, saini pale inapofungwa, nje andika jina lako kamili. Ukiambiwa kuna malipo omba kontrol namba, ile namba ya kulipia serikalini, usimpe mtu hela mkononi, na hati ya mapokezi uitunze. Alafu mwambie msimamizi wa mirathi uliyemtaja kwenye wosia umeuweka mahakama ipi, yaliyomo sio lazima ayajue. Hili watu wanalisahau sana, na kama hakuna anayejua bahasha iko wapi familia itafungua mirathi kama vile hukuacha wosia.

Ukibadili mawazo, umenunua shamba jingine au mtoto kazaliwa, andika upya, useme wazi wa zamani umefutwa, tarehe ionekane. Usiseme kwa mdomo tu kwenye kikao cha Desemba watoto wakiwa wamerudi, wosia wa maandishi haufutwi kwa mdomo. Huo mpya nao upeleke palepale ulipouweka wa kwanza.