Behewa la Bati Ligeuze Kwanza

Ukiniletea behewa la mizigo la treni ya kuchezea ya Hornby, sitaanza na ubavu wake wenye rangi na maandishi. Nitaligeuza chini juu, nitazame lilivyounganishwa, kisha nitazame magurudumu.

Frank Hornby, aliyebuni Meccano, vipande vya chuma vya watoto vya kuunga kwa nati na bolti, alianza kuuza treni za kuchezea zilizotengenezwa Liverpool mwaka 1920. Zilipita kwenye reli za upana wa milimita 32. Mabehewa ya mwanzo yalifungwa kwa nati na bolti, kwa kuwa yeye alitaka mtoto ayafungue na kuyaunga tena kama Meccano. Hata herufi za kampuni ya reli zilikuwa vipande vya bati vilivyopachikwa ubavuni. Ukikuta MR au LNWR, unashika kitu cha miaka hiyo ya mwanzo. LMS au LNER haiwezi kutangulia 1923, mwaka kampuni za reli za Uingereza zilipounganishwa kuwa nne kubwa, hizi mbili zikiwemo.

Baadaye nati zikaacha nafasi kwa masikio: vindimi vya bati vinavyopitishwa kwenye tundu na kukunjwa. Aliyewahi kutengeneza gari la makopo utotoni anajua bati likikunjwa mara mbili tatu hukatika. Kwa hiyo sikio lenye ufa, au lililokunjwa upande usio wake, linaniambia behewa limeshafunguliwa. Rangi ikiwa imeziba tundu lote la sikio, nashuku limepakwa upya.

Ugonjwa unaoniumiza zaidi ni wa zinki. Magurudumu ya bati hupata kutu tu, na kutu inazuilika. Yale ya kumimina, ya aloi ya zinki, yanaweza kuoza kwa ndani ikiwa zinki ilichanganyika na madini ya risasi kidogo kiwandani. Hayaonyeshi dalili mapema. Gurudumu huvimba, linapasuka nyufa nyembamba kama za udongo mkavu, halafu siku moja unaliokota likiwa vipande. Unyevu huharakisha. Wengi husema huambukiza behewa la jirani. Si kweli, kila gurudumu lilizaliwa na ugonjwa wake. Na dawa haipo: gundi haisaidii, rangi haisaidii. Mimi huweka magurudumu mapya, kisha yale ya asili nayatia kwenye mfuko wenye jina la behewa lake, hata yakiwa makombo.

Rangi ya asili siigusi. Niliwahi kununua behewa la Hornby lenye tangazo la haradali ya Colman's kwa bei iliyonikausha, nikagundua nyumbani kuwa ni behewa la kawaida lililopakwa upya. La kweli lilitengenezwa kwa muda mfupi miaka ya 1920 na ni adimu sana, ndiyo maana linaigwa. Nilikuwa nimetazama ubavu, sikutazama chini.

Ukipata lenye mikwaruzo, liache na mikwaruzo yake. Lipanguse kwa kitambaa laini kikavu. Usitumie sabuni wala maji juu ya maandishi ya kubandikwa, yanang'oka. Lihifadhi sehemu kavu isiyopigwa jua. Na kila baada ya miezi michache ligeuze tena, pitisha kidole kwenye ukingo wa kila gurudumu.